Tumbo Lililokataa Mkate

Jambo zima lilinigharimu kinga moja, mbuzi wawili, kanzu moja, karibu miaka miwili ya biashara, na heshima yangu yote ndani ya choo cha mama mkwe. Nimehesabu tena, maana ndivyo nilivyo, na jumla haikubadilika. Mtu akiniambia leo kwamba atanirudishia vyote kwa sharti kwamba yale yasiwe yametokea, nitamwuliza kwanza kinga iko katika hali gani, halafu nitakataa.

Kinga, kwetu Maniema, ni baiskeli. Yangu ilikuwa nyeusi, nimeifungia ubao mpana nyuma, na juu ya ubao ule niliweza kubeba mzigo ambao punda angeulalamikia. Nilikuwa kijana wa Kasongo, mtoto wa nyumba za Waislamu za karibu na soko, enzi zile Wabelgiji bado wanatupanga mstari kila mwaka kwa ajili ya kodi. Nilitoka Kasongo na chumvi, sabuni, viberiti na vitambaa, nikaenda kuviuza Kabambare. Nilirudi na karanga, mafuta ya mawese, na mara nyingine kuku aliyefungwa miguu akinitukana njia nzima.

Na nilibeba mikate. Kasongo kulikuwa na Mgiriki mwenye duka, na nyuma ya duka lake tanuri. Kabambare hakukuwa na tanuri. Lakini kulikuwa na makarani, walimu na wauguzi, watu waliovaa viatu hata siku isiyo ya kazi, na watu hao walitaka mkate na chai, kwa sababu kula mkate ilikuwa njia ya kumwonyesha jirani kwamba wewe na kinu cha muhogo mmekwisha kuachana. Nilipanga mikate katika sanduku la bati, nikapanda vilima, nikavuka madaraja ya magogo, nikaiuza kwa bei ambayo siitaji hapa, maana baadhi ya wanunuzi bado wako hai.

Ubaya wa mkate ni kwamba haungoji mnunuzi. Siku mbili tatu, umekuwa jiwe. Mikate iliyonibakia niliiloweka kwenye chai nikaila mwenyewe. Mimi si mtu wa kutupa mali.

Hapo ndipo tumbo lilipoanza vita. Lilijaa hewa likawa ngumu kama ngoma iliyowambwa jana. Nilikimbia porini mara nyingi hadi nikazijua njia za panya. Mwili ulikonda, mikono ikabaki vijiti, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa nikipanda kilima nashuka kwenye kinga, nainama, nahesabu pumzi.

Nikafanya hesabu, kama kawaida yangu. Nikaona hivi: safari ambayo mikate yote imeuzika, tumbo limetulia. Safari ambayo imebakia, tumbo linawaka. Nikapata jibu, na nilijivunia sana jibu lile: ni hasara. Hasara ndiyo iliyokuwa inaniuma. Niliwaeleza wachuuzi wenzangu, nao wakakubali haraka kuliko nilivyopenda. Mmoja wao aliniambia kwamba siku zote alijua moyo wangu umekaa karibu na mfuko, ila hakujua kama na matumbo yako huko huko.

Nilipolala kabisa, nyumbani kwa mama yangu, mambo yaliharibika kwa sababu ya upendo. Kwetu mgonjwa haletewi ugali. Ugali ni chakula cha mtu mwenye nguvu. Mgonjwa analetewa mkate mweupe, mlaini, wa dukani, umefungwa katika karatasi, na anayeuleta anauweka karibu na kichwa cha mgonjwa ili wageni wengine wauone. Mama alikuwa akiulowesha katika chai yenye sukari nyingi, akinilisha kama mtoto. Nilizidi kuharibika. Watu wakisikia kwamba nimezidi kuharibika, walileta mkate mkubwa zaidi. Nadhani mwaka ule Mgiriki alipata faida kutokana na ugonjwa wangu kuliko nilivyowahi kupata mimi kutokana na uzima wangu.

Mbuzi wa kwanza alikwenda kwa mganga wa pale mjini, aliyegundua kwamba mchuuzi mwenzangu amenifunga tumbo kwa uzi. Alilifungua. Jioni mama aliniletea mkate wa kunipa pole, na tumbo likajifunga tena.

Yote hayo ningeyavumilia, kama si binti mmoja wa nyumba ya pili kutoka msikitini. Nilikuwa nimemtaka tangu nilipomwona akibishana na muuza samaki wa Nyangwe, akamshusha bei mpaka muuza samaki akacheka na kumwongezea mmoja. Nilisema moyoni: mtu huyu na mimi tunaweza kutajirika. Baba mdogo wangu alikwenda kuniposea. Jibu lilikuja bila kuzungushwa. Mama yake alisema hamtoi binti akawe mjane kabla hajawa mke. Nikinenepa, tutazungumza. Nisiponenepa, kuna shoferi wa lori ambaye tayari ni mnene.

Basi nikajua deni langu ni nini. Si kupona tu. Kupona na kuonekana nimepona.

Kinga niliiuza kwa karani, maana miguu haikuweza tena kuisukuma. Alinilipa bei ya mtu anayejua muuzaji hawezi kukimbia. Kwa fedha ile nilipanda lori la mizigo hadi Kabambare, kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyejulikana kwa dawa zake za miti. Nilifika, na nyuma yangu mvua ikafika. Daraja moja lilikwenda na maji, halafu jingine. Lori halikurudi, unga wa ngano haukupita, na makarani wa Kabambare walionekana wakila muhogo milango ikiwa imefungwa.

Kwa shangazi nilikula alichokula yeye: ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kuchemsha, maharage, wali siku ya Ijumaa. Asubuhi alininywesha maji ya mzizi mchungu ambao hata mbwa aliukimbia harufu yake. Wiki ya kwanza tumbo lilinung'unika. Baadaye likanyamaza. Kabla mvua haijapungua nilikuwa naweza kubeba ndoo ya maji kutoka mtoni, na mashavu yalikuwa yamerudi mahali pake. Shangazi aliusifu mzizi wake. Mimi pia niliusifu, nikamnunulia mbuzi, huyo wa pili, na nilipoondoka nikabeba kifurushi cha mizizi kama mtu anayebeba dhahabu.

Mama yangu aliponiona nashuka kwenye lori nina shingo nene, alilia. Kisha akaenda dukani kwa Mgiriki.

Nilikunywa mzizi, nikala mkate, nikacheka na ndugu zangu, na kabla ya sala ya alasiri nilikuwa nimekunjamana mkekani kama zamani. Walisema mizizi imechakaa njiani. Walisema hewa ya Kasongo. Mimi nililala nikitazama makuti ya paa, nikaifungua upya ile hesabu yangu ya zamani, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyoipenda.

Maana kama ni hasara ndiyo inayoniuma, Kabambare ningekufa. Kule sikuwa na kinga, sikuwa na bidhaa, sikuwa hata na kiberiti cha kuuza, na tumbo lilikuwa kimya. Kama ni mzizi unaoponya, mbona leo nimeunywa na nimelala? Nikaondoa kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta franga mbovu katika rundo la sarafu. Kikabaki kimoja. Mikate iliyobakia sikuwa naihesabu tu. Nilikuwa naila.

Nikaacha ngano. Nikapona. Halafu nikala andazi moja, kwa makusudi, kama mtu anayegonga chungu asikie kama kina ufa. Nikaanguka. Nikaacha tena, nikapona tena. Mtu mwingine angetosheka hapo, lakini jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati, kwa hiyo nilirudia. Marudio yalinigharimu kanzu moja.

Nilikwenda hospitali pia, nikidhani nitachekwa. Daktari alikuwa Mbelgiji, na muuguzi mmoja wa kwetu alitufasiria. Daktari hakucheka. Alisema kwao Ulaya yameandikwa mambo mapya, kwamba kuna watoto ambao ngano inawaharibu matumbo ndani, na huenda watu wazima pia. Nisile ngano, maisha yangu yote, hata kidogo. Nikamwuliza dawa yake. Akasema haiko. Nikamwomba basi sindano moja. Akakataa. Nikamwomba sindano ndogo. Hapo ndipo alipocheka, na nikatoka mikono mitupu, nikijiona nimepunjwa. Nani Kasongo angeniamini kwamba nimetibiwa, ikiwa sikuchomwa hata sindano?

Hakuna aliyeniamini. Na hilo ndilo lililokaribia kunikosesha mke.

Nilipokwisha kunenepa vya kutosha, baba mdogo alirudi kule nyumba ya pili kutoka msikitini, na safari hii tuliitwa wote wawili, Ijumaa, baada ya sala. Mambo mawili ni lazima yajulikane. La kwanza, mama wa binti alikuwa hodari wa maandazi kuliko mwanamke yeyote wa mji. Makapita, wale wasimamizi wa Wabelgiji, na masheikh walipita nyumbani kwake kwa visingizio. La pili, kwetu mtu akikataa chakula cha nyumba, hasemi kwamba hana njaa. Anasema kwamba haiamini mikono iliyopika. Anamwita mwenye nyumba mlozi, yaani mchawi, bila kufungua mdomo.

Nilikuwa nimemtuma baba mdogo atangulie kueleza. Alieleza, lakini kwa namna yake, yaani alisema kijana wetu siku hizi anachagua vyakula.

Tuliketi barazani. Nyanya wa binti aliketi pamoja nasi, mzee, anatafuna karanga kwa ufizi. Mama mwenyewe, kwa heshima ya ukwe, hakukaa mbele yangu. Alikuwa nyuma ya pazia la mlango, sauti tu. Sinia ilikuja. Maandazi yalikuwa yamepangwa kama mnara, yananukia iliki. Baba mdogo alichukua. Mimi nilichukua chai.

"Mumuulize mugeni," sauti ya pazia ikasema, "mandazi yangu iko na nini?"

Baba mdogo alianza kukohoa. Nikajibu mwenyewe. "Iko na ngano, mama."

"Kila mandazi iko na ngano."

"Ndiyo shida yangu, mama."

Nyanya alicheka, peke yake. Pazia halikucheka. Likasema kwamba nyumba hii imelisha watu wakubwa na wadogo, wa Kasongo na wa Nyangwe, na hakuna aliyewahi kuweka mkono chini. Likasema mtu anayeogopa chakula cha watu anaogopa kwa sababu ya anayowaza. Neno lenyewe halikutajwa, lakini liliketi pale barazani pamoja nasi, na lilikuwa limechukua nafasi kubwa. Baba mdogo aliweka kikombe chini, akaanza kutafuta viatu vyake. Nilimwona binti kwenye kona ya ua, amesimama na kinu, ameacha kutwanga.

Mimi ni mchuuzi. Najua biashara inapokufa, na najua pia ile dakika ndogo kabla haijafa.

"Mama," nikasema, "nitakula. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Nikila, siondoki hapa uani mpaka jua lizame. Mutaniona wote. Na yale mutakayoona, mutayasema sokoni vile yalivyo."

"Kula tano."

"Moja, mama."

"Ine."

Tulikubaliana mawili. Niliyala polepole. Lazima niseme ukweli: yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutia mdomoni, na huo ndio ukatili wa ugonjwa huu. Angalau sumu nyingine zina adabu ya kuwa chungu.

Choo cha nyumba ile kilikuwa mwisho wa ua. Kukifikia ni lazima upite mbele ya jiko, mbele ya wanawake waliokuwa wanapepeta mchele, mbele ya jirani aliyekuja kuazima chungu na sasa hakuwa na haraka ya kuondoka. Mkwe kwetu hapigi hata chafya mbele ya mama wa mkewe. Mimi nilipita mbele ya jiko lile nikishika kanzu kwa mikono miwili, nikarudi, nikapita tena. Nyanya alikuwa anahesabu kwa sauti, bila ubaya, kama mtu anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini. Baba mdogo alijifunika uso kwa kofia. Mwishowe sikuweza kurudi barazani, nikalala kwenye mkeka kando ya ukuta wa choo, jasho linanitoka, tumbo limepanda juu kama la mwanamke wa mimba ya miezi saba.

Pazia likafunguka. Mama alitoka, akavuka ua wote mchana kweupe, mbele ya jirani mwenye chungu, na birika la maji mkononi. Aliinama juu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake kwa karibu, na haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyetambua kwamba jirani yule, akifika kwake, atasema mkwe alikula kwa fulani akaanguka.

"Mukwe," alisema chini chini. "Sema kwa sauti. Sema mbele ya watu kama ni ngano, haiko mikono yangu."

Nilikuwa karibu kufa, lakini nilisikia vizuri. Nilisikia kwamba ameniita mkwe. Na nilisikia kwamba safari hii bidhaa iko mkononi mwangu.

Nikamwambia nguvu ya kupaza sauti inategemea. Kama mgeni, sina hata kidogo. Kama mkwe, naweza kujaribu.

Aliweka birika chini. Kisha kicheko kikamtoka, cha puani, kile ambacho mtu anakizuia na hakizuiliki. "Weye ni muchuuzi mpaka mulangoni mwa choo," alisema. Akamgeukia nyanya, na nyanya akatikisa kichwa kukubali, akatema ganda la karanga.

Nikapaza sauti. Nilisema ni ngano, nikasema mikono ya mama ni safi, nikasema andazi lake ni tamu na kosa ni la tumbo langu. Nilisema mpaka jirani akaondoka na chungu chake, mbio, kwenda kueneza.

Nilipopata nafuu nilijaribu kupunguziwa mahari kwa ajili ya mateso. Mama mkwe alijibu kutoka nyuma ya pazia, maana alikuwa ameshalirudia, kwamba mahari haina tumbo. Nililipa yote.

Lakini nilichopata juu yake hakina bei. Kabla ya hapo nilikuwa mtu mmoja anayesema jambo lisiloaminika. Sasa nilikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuueleza mji mzima habari za ngano. Alieleza sokoni, kisimani, matangani. Mtu akinibishia, alimwambia: "Miye niliona kwa macho." Siku ya ndoa yetu hakuruhusu chembe ya ngano iingie uani. Alikaa siku nzima na wanawake wenzake wakisaga mchele wa Kasongo, wakakaanga vitumbua kwa mafuta mapya katika chungu kipya. Watu walikula, wakaomba tena, na shoferi wa lori, ambaye alikuja na zawadi nzuri, alikula vingi kuliko wote.

Na maisha ya kila siku yakajifunza njia yake. Mke wangu alijua kuliko mimi kwamba mafuta yaliyokaanga andazi hayakaangi samaki wangu, kwamba mwiko una kumbukumbu, kwamba mchuzi wa karani ukiwa mzito lazima uulizwe kilichoufanya mzito. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu kwa uji wa mchele. Nikialikwa, nilikwenda na ndizi mbili za kuchemsha mfukoni, na nilizitoa mapema, nikizisifu, kabla sinia haijafika. Watoto wa mtaa walinitania, wakinifuata na kuimba kwamba bwana anakimbia mkate. Niliwapa ndizi, wakaacha. Ndizi ni nafuu.

Biashara pia. Niliacha mikate ya Mgiriki, nikaanza kupeleka Kabambare vitumbua vya mchele alivyopika mke wangu alfajiri, na unga wa mchele kwa wanaojua kupika. Haikuwa faida kubwa kama ya mkate. Lakini kilichobakia nilikila, nikalala usingizi. Ilikuwa biashara yangu ya kwanza ambayo hasara yake niliweza kuimeza. Baada ya misimu miwili nilinunua kinga mpya, na siku ya kwanza nilipoipandisha kile kilima ambacho zamani nilikuwa nashuka na kuinama, nilikipanda chote nimekaa, nilipofika juu nikageuka kutazama nyuma kama mtu aliyeshinda kesi.

Bendera zimebadilika tangu wakati ule. Nyanya amekwisha kutangulia, mama mkwe ni mzee lakini sauti yake bado ni ya pazia. Watoto wetu wote wanakula kila kitu, isipokuwa binti wa mwisho. Yeye alichukua tumbo langu, na ulimi wa mama yake. Tulimjua mapema, hakukonda hata mwaka mmoja, ni mnene, mweupe wa meno, na amepata mchumba wa Kabambare. Kijana ni mzuri. Kasoro yake ni moja: baba yake siku hizi ndiye mwenye tanuri la mkate kule.

Wanakuja baada ya mavuno. Binti ameniambia mtu asiwe na wasiwasi, yeye atakula maandazi mawili mbele yao, kama baba alivyofanya, na watamwamini. Nimemkatalia. Mimi nilikuwa mwanamume mwenye kanzu ya kushika, na hata hivyo bado nasikia ile hesabu ya nyanya. Sitaki binti yangu anunue imani ya wakwe kwa bei niliyolipa.

Mama yake anasema tuwaambie mapema, kabla ya mahari kutajwa. Mama mkwe anasema aje yeye mwenyewe, atoe ushahidi. Mimi nimepiga hesabu, nikarudia, na haikai. Kwa hiyo nawauliza ninyi mliokwisha kuoza mabinti: watu wasiokujua wanaaminishwaje maumivu ambayo hawajayaona kwa macho? Mwenye kujua njia iliyo rahisi kuliko yangu, naomba anishauri kabla mpunga haujakatwa.